Fundi wa Keko na Kipimo Kilichosema Hapana

Wauguzi wenzangu mliobaki kazini, siku mliyoniaga mlinivika kitenge, mkanikalisha mbele, mkaniomba niseme neno kuhusu miaka yangu. Nikasema asanteni, nikaketi. Mlidhani machozi yamenizuia. Ukweli ni kwamba kila nilipotaka kuanza, kesi moja tu ndiyo iliyonijia, na kesi yenyewe si ya kusimulia watu wakiwa na sahani za pilau mkononi. Basi naiandika hapa. Msitegemee kuona ndani yake jinsi nilivyokuwa hodari. Sehemu kubwa ya habari hii nilikuwa sielewi kinachoendelea.

Nilianza kazi katika zahanati yetu ya Temeke mwishoni mwa miaka ya themanini, muuguzi mkunga niliyetoka chuoni na sare mbili, moja ikinibana. Siku ya kwanza sikuonyeshwa mgonjwa. Nilionyeshwa sufuria. Mabomba ya sindano yalikuwa ya kioo, tunayachemsha kwenye jiko la mafuta ya taa dakika ishirini kwa saa ya ukutani, na saa yenyewe ilikuwa na tabia ya kusimama bila taarifa. Niliyatoa yakiwa ya moto nikayaweka kwenye sinia lililotoka kusuuzwa kwa maji baridi. Mawili yakapasuka kabla ya saa nne asubuhi. Muuguzi mkuu hakunigombeza. Aliandika kwenye daftari, "Mabomba 2, Mwajuma," akaendelea na kazi yake. Hilo liliniuma kuliko kugombezwa.

Aliyenifundisha kazi hasa hakuwa muuguzi. Alikuwa Bwana Mkude, mtu wa maabara, Mluguru mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi. Maabara yake ilikuwa stoo ya zamani: darubini moja inayotegemea mwanga wa dirishani, friji ya mafuta ya taa, na mashine ya kuzungushia damu kwa mkono, iliyofanana na ile ya kusagia nyama. Bwana Mkude hakupenda kufundisha. Alichopenda ni mtu wa kumzungushia mashine, na mimi mchana nikiwa sina zamu leba nilikuwa nazungusha. Nilipozungusha, yeye alikuwa anaongea, na ndivyo nilivyoijua kaswende.

"Inaanza na kidonda," aliniambia. "Mara nyingi kimoja tu, pale ugonjwa ulipoingilia. Sehemu za siri, au hata mdomoni. Pembeni kigumu ukikigusa, na hakiumi. Kwa mwanamke kinaweza kujificha ndani asikione kabisa. Baada ya wiki chache kinapona chenyewe."

"Sasa kama kinapona chenyewe, tatizo liko wapi?"

"Kilichopona ni ngozi. Ugonjwa umehamia ndani. Zungusha, usisimame."

Akaendelea kuniambia kwamba baada ya wiki au miezi michache huja vipele, mara nyingi visivyowasha, ambavyo huweza kutokea hata kwenye viganja na nyayo. Wengine hupata homa, tezi zikavimba, nywele zikanyonyoka mabaka mabaka. Navyo huondoka. Kisha kimya, pengine miaka, na baadaye moyo au ubongo ndio unaolipa. Na mama mjamzito anaweza kumwambukiza mtoto tumboni.

Niliyaandika yote kwenye kidaftari. Nilidhani nikishayaandika nimeyajua.

Miaka ya tisini ilipoingia, mji ukafunguka. Maduka ya dawa yaliota kila kona, kuanzia Mtoni mpaka Mbagala. Dawa ambazo zamani ulikuwa unazipata kwa cheti cha daktari zikawa zinauzwa pamoja na sabuni na viberiti. Mtu alisimama dirishani, akanong'ona, akapewa vidonge vinne vya rangi mbili kwenye karatasi ya gazeti. Zahanati za watu binafsi nazo zikaanza kuweka vibao. Sisi wa serikali tulikuwa na foleni ileile, na vipimo vinavyokwisha katikati ya mwezi. Juu ya hayo kulikuwa na hofu ya UKIMWI. Mtu akiota kipele alikuwa anaanza kuagana na ndugu zake moyoni, na ndiyo maana wengi waliona heri wasipimwe chochote.

Ndipo alipokuja Fundi Dominiki. Alikuwa seremala wa Keko, mtu wa Masasi, mrefu, mpole, ana vumbi la mbao mpaka kwenye kope. Tabibu wetu alikuwa semina ya wiki mbili, kwa hiyo wagonjwa wa kawaida nilikuwa nawaona mimi. Alinyoosha viganja vyake juu ya meza. Vilikuwa na madoadoa ya rangi ya shaba, bapa, yamekauka pembeni.

"Yanawasha?" nikamuuliza.

"Hayawashi, sista. Ila wateja wanayaangalia."

"Kazi yako nini?"

"Napiga vanishi makabati."

Nikafurahi. Jibu limekuja lenyewe! Nikamwambia mikono yake imeikataa vanishi, nikampa dawa ya kupaka na vidonge vya mzio, nikamshauri avae glavu. Fundi Dominiki alishukuru kwa mikono miwili. Mimi nilibaki nimekaa kiti cha tabibu, nimejiona tabibu.

Baada ya siku kumi akarudi. Madoa yalikuwa yaleyale, na sasa kifuani pia. Alikuwa amevaa glavu kama nilivyomwagiza, akakaa siku nne bila kugusa vanishi, na hali haikubadilika. Nikiwa nawaza nimbadilishie dawa ya kupaka, akavua kandambili moja akapangusa vumbi la mbao kisiginoni. Nikaona unyayo.

"Hebu inua mguu."

Akainua. Madoa ya shaba, yaleyale.

"Huku nako unapaka vanishi?"

Fundi Dominiki akautazama unyayo wake kama wa mtu mwingine. "Hapana, sista. Huku sipaki."

Nikaenda kufunga mlango. Nilimuuliza kama katika miezi ya karibuni aliwahi kuona kidonda sehemu za siri. Akasema hapana. Nikamuuliza tena, nikiwa naangalia daftari na siyo uso wake, maana nilishaona wanaume wanajibu vizuri zaidi usipowatazama. Safari hii akasema kulikuwa na kitu, lakini hakikuwa ugonjwa. Kijidonda kama punje ya ulezi, hakiumi, hakina usaha. Alinunua rangi mbili dukani, akameza siku mbili, kikakauka.

"Kwa hiyo nilipona," akasema. "Kingekuwa ugonjwa kingeuma. Si ndiyo?"

Bwana Mkude alikuwa amekwenda kutafuta mafuta ya friji. Nikatoa damu mwenyewe, nikaizungusha, nikachukua yale maji ya juu ya damu, nikaweka tone kwenye kadi nyeupe, nikachanganya na dawa ya kipimo, yenye unga laini kama wa mkaa. Kama ugonjwa upo, unga ule hujikusanya chembechembe nyeusi. Kama haupo, unabaki kijivu laini. Nilizungusha kadi dakika nane. Ikabaki kijivu, laini kabisa.

Nilichanganyikiwa, lakini kadi ilikuwa imesema na mimi nilikuwa na karatasi ya kujaza. Nikaandika "Hana." Nikamwambia Fundi Dominiki hana kaswende. Aliachia pumzi ndefu, akacheka, akaniambia Mungu anibariki, akaondoka.

Bwana Mkude akarudi na dumu lake. Nikamweleza kwa majivuno kidogo kwamba nilifanya kipimo peke yangu. Akaniuliza mgonjwa alikuwa na nini. Nikamwambia.

"Vipele viganjani na nyayoni, kidonda kisichouma kimepita, na kadi inasema hana?" Aliweka dumu chini. "Wewe unaamini kadi au unaamini macho yako?"

"Sijui," nikasema.

"Basi kamwite."

Nikatoka mbio na sare yangu inayobana, watu wa foleni wakinitazama. Nilimkuta Fundi Dominiki ng'ambo ya barabara akinunua muhogo wa kuchoma. Akarudi na muhogo wake mkononi, uso umebadilika.

Bwana Mkude hakutoa damu nyingine. Alichukua ileile, akaiongezea maji ya chumvi, akarudia mara kadhaa, kila safari nyepesi zaidi, akaweka matone kwenye kadi. Tone la kwanza lilibaki kijivu. Katika la tatu nikaona chembe nyeusi zikijikusanya, halafu la nne, halafu la tano. Nilikuwa nimefundishwa kwamba damu yenye ugonjwa ndiyo inayojibu, na hapa damu nzito ilikuwa imekaa kimya, hiyohiyo iliyotiwa maji ikasema.

"Mara chache inatokea," akasema Bwana Mkude. "Kinga za mwili zikiwa nyingi kupita kiasi, unga wa kipimo unashindwa kujikusanya. Ukizipunguza unajikusanya. Ndiyo maana mtu unamwangalia mzima, hutazami kadi peke yake." Kisha akaniambia nifute neno "Hana." Karatasi ilitoboka.

Kwa jioni ile tulikuwa na penisilini ya kutosha. Ile nyeupe kama maziwa, nzito, inayoziba sindano usipokuwa mwepesi. Nilimchoma makalio yote mawili, taratibu, na Fundi Dominiki akauma mkono wa shati lake. Nilipomuuliza habari ya mke, akanishika mkono.

"Mke wangu ana mimba ya miezi sita, sista. Mwaka juzi tulipoteza mtoto. Nakuomba, usimwambie."

"Mimi sitamwambia. Wewe utamleta."

Akasema atamleta. Sikumwamini.

Kesho yake asubuhi nikasikia sauti nje ya dirisha. "Nani hapa anaitwa Sista Mwajuma?" Akaingia mwanamke wa rika langu, mweusi wa kupendeza, tumbo limetangulia, khanga ameifunga kwa hasira. Huyo ndiye Felista.

"Mume wangu alikuja hapa na vipele vya vanishi," akasema. "Amerudi anatetemeka kwa homa mpaka kitanda kinalia. Mmemchoma nini?"

Sikujua. Sikumbuki kama chuoni waliwahi kutuambia. Nilimwomba asubiri, nikakimbilia maabara, na Bwana Mkude akaniambia bila kuinua macho kwamba homa ya siku moja baada ya sindano ile ni ya kawaida kwa mtu mwenye ugonjwa wake, itapita, na kwamba nilipaswa kumwonya mgonjwa. Nikarudi nikamwambia Felista homa inatokea, itaisha leo au kesho, ampe maji mengi na Panadol.

"Sindano gani ya vanishi inaleta homa?"

Nikaomba kadi yake ya kliniki. Mahali pa kipimo cha kaswende palikuwa peupe.

"Damu hawakukupima?"

"Waliniambia vifaa vimekwisha, nirudi. Nikarudi mara mbili, vimekwisha." Sauti yake ikashuka. "Yule wa kwanza alifika miezi minane. Alitoka ameshakufa. Hakuna aliyeniambia sababu."

Nilimweleza kwamba kila mjamzito anapaswa kupimwa kaswende, awe nani, awe mke wa nani, na kwamba sisi leo kipimo tunacho. Hapo nilisema kweli tupu. Akanyoosha mkono wake. Safari hii Bwana Mkude alikaa mwenyewe na mimi nikazungusha. Chembe nyeusi zilijikusanya kwenye tone la kwanza.

Nilimwambia Felista kwa maneno mepesi kadiri nilivyoweza. Nilisema kaswende inatibika, kwamba kumtibu yeye sasa ndiko kumtibu mtoto, kwamba muda bado upo. Alisikiliza akiangalia ukutani. Hakulia, wala hakuuliza ameipata wapi. Nilitegemea aulize, nikawa nimejiandaa kujibu kwamba siwezi kusema, na swali lisipokuja nikabaki na jibu langu. Nilimchoma, nikamlaza kwenye benchi la leba mpaka alasiri ili nimwangalie tumbo lisije likaanza kuuma. Halikuuma.

Fundi Dominiki alikuja siku iliyofuata, homa imeisha, shati limepigwa pasi. Felista alikuwa naye. Niliwaketisha nyuma ya pazia. Kabla sijasema kitu, mwanamume akaanza.

"Ni mimi. Nilipokwenda Mufindi kufuata mbao, nilikaa wiki tatu. Kuna mwanamke." Alikuwa anaongea na magoti yake. "Ni mimi niliyeleta. Sista, si ndiyo? Mwambie."

"Kipimo hakisemi nani alianza," nikajibu. "Kinasema mnao wote wawili, na wote mtatibiwa, na mpaka nitakapowaambia hamtakutana kimwili."

"Lakini ni mimi."

Felista alikuwa kimya. Nilidhani ni hasira. Nikawaeleza mpango: Fundi Dominiki ameshapata yake, Felista bado sindano mbili, moja kila wiki.

"Mbona yeye moja na mie tatu?" Felista akauliza.

"Wako hatujui una muda gani. Tukiwa hatujui, tunachoma tatu."

Aliniangalia usoni kwa mara ya kwanza, kisha akatazama pembeni. Nami sikufikiri kitu, nilikuwa natafuta kalamu.

Walikuja wiki zote mbili, pamoja. Fundi Dominiki alikuwa anabeba mkoba wa mke wake, anamfutia benchi kwa kitambaa kabla hajakaa, anaomba radhi kwa sauti mbele ya watu hata kwa mambo madogo, mpaka wanawake wa foleni wakawa wanamwonea wivu Felista. Mimi pia nilimwona mwanamume wa maana, aliyekosea akakiri. Madoa ya mikononi yalififia, yakaisha.

Uchungu ulimshika Felista asubuhi ya siku ya kazi, mimi nikiwa zamu. Mtoto alitoka saa sita mchana, wa kike, akalia kabla sijamfuta uso. Nilimgeuza, nikamkagua ngozi, mdomo, tumbo, ini halijavimba, kila kitu mahali pake. Tabibu akamkagua tena, tukampa sindano yake ya tahadhari. Kabla ya kumlaza kifuani kwa mama yake nilimhesabu vidole mara mbili, na miaka mitano ya ukunga nilikuwa nayo.

Nikawa naosha vifaa. Felista akaniita.

"Sista. Mie kile kidonda nilikionaga."

Nikafunga bomba.

"Kipi?"

"Kama kile ulichomuuliza mume wangu. Alinisimulia. Mie nilikiona kabla ya mimba ya kwanza. Hakiumi. Nikadhani nimejikata na wembe. Kikaisha chenyewe." Alikuwa anamtazama mtoto. "Huko Mufindi alikuwa hata hajafika."

Nilisimama na koleo mkononi nikijaribu kupanga miezi. Kama Felista alikuwa nayo zamani, basi huenda ndiyo iliyomuua yule mtoto wa kwanza. Lakini kidonda cha Dominiki kilikuja baada ya Mufindi, kipya. Pengine kila mmoja alikuwa na yake. Pengine yote ilitoka kwa mmoja wao, na kwa nani, hakuna kadi wala darubini ya kusema. Kila nilipopanga hesabu upande mmoja, upande wa pili ulikuwa unakataa.

"Umemwambia?" nikauliza.

"Anajilaumu sana. Ananibebea mkoba." Felista akafumba macho. "Tangu tuoane hajawahi kunibebea mkoba. Nikimwambia, itakuwaje? Wewe ungemwambia?"

Chuo hakikunifundisha hilo, na Bwana Mkude hakuwa na maji ya chumvi ya kulipunguza. Nilimwambia kwamba mimi sitasema, iwe kwa mume wake au kwa mtu yeyote. Kuamua ni juu yake. Nilipomaliza nikajiuliza kama nimemsaidia au nimemtupia mzigo nilioshindwa kuubeba. Sijapata jibu. Kwenye faili niliandika tu, "Historia ya kidonda, zamani," kwa kuwa tiba inahitaji kujua, na nikafunga.

Miezi mitatu baadaye, siku ya chanjo, Fundi Dominiki akanijia dirishani peke yake. Felista alikuwa kwenye foleni uani na mtoto.

"Shikamoo, sista," akasema, ingawa alikuwa ananizidi umri. Nikajua ana jambo.

"Marahaba, fundi. Kuna nini?"

"Ulikuwa unajua?"

Sikujifanya sielewi. "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu mtoto anazaliwa."

Akatikisa kichwa polepole. "Aliniambia juzi. Alikuwa anapika, akasema tu, huku anakoroga. Sasa mie sijui nimkasirikie au niendelee kumwomba msamaha. Siku nzima ya jana nimepima ubao mmoja mara nne, kila mara unatoka tofauti." Akaegemea fremu ya dirisha. "Nani aliyeanza, sista? Niambie tu wewe unavyoona."

Nilimwangalia yule mtu, na nilitamani kuwa na jibu kuliko nilivyowahi kutamani kitu chochote katika kazi hii.

"Sijui, fundi," nikamwambia. "Kwa kweli sijui."

Uani wakaita jina la mtoto. Fundi Dominiki akageuka, akapita katikati ya akina mama, akamchukua binti yake mikononi mwa Felista ili amshikilie yeye wakati wa sindano. Mtoto alipochomwa na kupiga kelele, wote wawili waliinama kumbembeleza kwa wakati mmoja, vichwa vikagongana.